Bango la Dodoma linamtazama nani?

Siku hizi ukifungua simu haikosi mtu kaposti picha ya barabara ya Dar, ile ya kutoka Kisasa kupita Nzuguni na Ihumwa mpaka Mtumba kwenye mji wa serikali, mabango kushoto mabango kulia, alafu kaandika Dodoma imefunguka, hela imehamia huku. Wengine wanaweka na zile skrini za taa za katikati ya mji zinazobadilisha picha usiku kucha. Hoja yao ni nyepesi, kwamba kampuni haimwagi hela ya matangazo mahali ambapo hakuna mnunuzi, kwahiyo mabango yakiongezeka ujue soko limeongezeka. Mimi naishi huku na hiyo barabara naipita, na naona hesabu yao imekosewa toka mstari wa kwanza, maana wanahesabu mabango bila kuyasoma. Ukiyasoma utaona mengi hayauzi kitu chochote. Taasisi inampongeza kiongozi, mamlaka fulani inawakaribisha waheshimiwa wabunge, bodi nyingine inaorodhesha mafanikio yake, juu picha ya Rais, pembeni waziri, chini kidogo mkurugenzi mkuu kavaa suti. Hakuna bei, hakuna namba ya kuagizia, hakuna duka unaloelekezwa uende.

Nisizunguke. Kilichoongezeka Dodoma toka serikali ianze kuhamia kwa kasi mwaka 2016 ni idadi ya wakubwa wanaopita barabarani, na mabango yamewafuata wao. Soko nalo limekua, sikatai, ila siyo soko lililosimamisha yale mabango. Na hii tabia ya tangazo kumtazama mkubwa badala ya mnunuzi haikuletwa na Mtumba, ina miaka zaidi ya arobaini, imezaliwa kipindi ambacho wengi tunaambiwa hapakuwa na matangazo kabisa. Ndiyo maana ile stori tuliyozoea, kwamba Ujamaa uliua matangazo alafu soko huria likayafufua, mimi naiona nusu yake ni kweli na nusu nyingine inatuficha kitu.

Tuanzie nyuma kidogo. Wakati wa mkoloni tangazo lilijua linaongea na nani. Gazeti la Tanganyika Standard lililoanza 1930 lilikuwa la Wazungu na wafanyabiashara wa Kihindi waliosoma Kiingereza, na matangazo yake yaliongea na hao, wakati Mambo Leo, gazeti la serikali la Kiswahili lililoanza 1923, lilimfikia mwalimu, karani na mtu wa misheni. Redio ilipoanza 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam ilisikika mjini tu na kidogo nje yake. Mtu wa Kondoa au Manyoni hakuna aliyekuwa anamtafuta kwa tangazo, kwa sababu mazao yake ndiyo yaliyotafutwa, siyo mfuko wake. Hiki kipande nakipita haraka ila tukiweke kichwani, kwa sababu mtu wa kanda ya kati alianza historia hii akiwa hayupo kwenye orodha ya wateja.

Azimio la Arusha likatangazwa Februari 1967, mabenki, viwanda vya kusaga nafaka na kampuni kubwa za kuagiza na kuuza nje vikataifishwa, biashara ya jumla ikaingia mikononi mwa shirika la serikali na baadaye kwenye zile kampuni za mikoa, RTC. Mwaka 1970 na The Standard lenyewe likataifishwa. Hapo ndipo wasimulizi wengi wanafunga ukurasa, wanasema muuzaji akibaki mmoja tangazo la nini. Lakini Redio Tanzania iliendelea kuwa na Idhaa ya Biashara miaka yote hiyo, na zaidi ya hapo serikali yenyewe ikawa mtangazaji mkubwa kuliko kampuni yoyote iliyowahi kufanya kazi nchi hii. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, wiki kadhaa za vipindi vya redio, watu wanakusanyika kwenye vikundi kijijini wanasikiliza, kuna mwongozaji, kuna kijitabu, alafu mnajadili na kukubaliana mtafanya nini, mnachimba choo, mnafukia madimbwi, mnachemsha maji. Inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo. Bibi yangu Mpwapwa hakumbuki mwaka wowote wa miaka ya 70 ila ukimuuliza choo cha kwanza pale nyumbani kilichimbwa lini anakujibu bila kufikiri, wakati wa Mtu ni Afya.

Sasa mtu atasema hiyo ni elimu kwa umma, siyo tangazo. Sawa, jina liite unavyotaka, ila angalia kazi yenyewe ilivyofanyika. Kuna ujumbe mmoja, kuna jina fupi linalokaa kichwani, kuna chombo kinachomfikia mlengwa, kuna kitu unataka mlengwa akifanye na mwisho unaweza kwenda kuhesabu vyoo. Ukimpa hiyo kazi mtaalamu yeyote wa matangazo wa leo atakuambia imekamilika. Na ilivyoandaliwa ilimtazama mtu wa chini kabisa, asiyejua kusoma vizuri, mwenye redio ya mkulima inayopokezanwa nyumba tatu. Mimi sisemi kila kitu cha wakati ule kilikuwa kizuri, Dodoma hii hii mwanzoni mwa miaka ya 70 watu walihamishwa kwenye operesheni ya vijiji na wengine hawakuulizwa kama wanataka. Nasema tu kwamba serikali iliwahi kutangaza kwa kumwangalia mwananchi usoni, kwahiyo bango la kumwangalia mkubwa siyo kitu ambacho serikali imeumbwa nacho.

Kilichobadilisha ni uhaba. Baada ya vita ya Kagera na bei ya mafuta kupanda, kuanzia 1979 mpaka katikati ya miaka ya 80 maduka yalibaki na makabati. Waliokuwepo wanakumbuka, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kanga kwa kufahamiana na mtu wa duka la ushirika. Mwaka 1983 ndiyo ule msako wa wahujumu uchumi wa Waziri Mkuu Sokoine, na Sokoine mwenyewe akafa kwa ajali Aprili 1984 akitoka huku Dodoma bungeni kurudi Dar. Katika hali ile tangazo la sabuni lingekuwa kejeli. Habari kwamba mzigo umeingia RTC ilienea mji mzima kwa nusu saa bila redio wala gazeti. Ila mashirika ya umma yalikuwepo kwa mamia, kila moja lina meneja mkuu, lina ofisi ya uhusiano, lina fungu la matangazo. Utafanya nini na fungu la matangazo kama huna mzigo wa kuuza na mteja hana pengine pa kwenda? Unanunua ukurasa kwenye toleo maalumu la sikukuu ya Uhuru au Saba Saba, unaandika Menejimenti na wafanyakazi wote wa shirika fulani wanaungana na Watanzania kuipongeza Serikali na Chama kwa kutimiza miaka kadhaa. Kurasa na kurasa za hivyo. Anayeamua kama meneja atabaki au ataondoka ni waziri, siyo mnunuzi wa sabuni, kwahiyo tangazo linamwendea waziri. Siyo unafiki wala ujinga wa mtu mmoja, ni mtu mwenye akili timamu anayejua mkate wake unatoka wapi. Ile pongezi ya bango unayoiona leo ndiyo mjukuu wa huo ukurasa.

Baada ya hapo ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, na hapa naomba niwape haki yao wale wanaosema soko huria lilileta kitu kipya, kwa sababu lilileta kweli. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi toka miaka ya 70 wakati huku bara hatukuwa nayo mpaka 1994 ITV na DTV zilipoanza, Radio One ikaja mwaka huohuo, magazeti binafsi yakamwagika mtaani. Kiwanda cha bia kilichokuwa cha serikali kikapata mbia kutoka Afrika Kusini 1993, na watu waliozoea kunywa kilichopo wakaanza kubembelezwa wachague. Ila waliobadilisha kabisa mchezo ni watu wa simu. Mobitel walikuwepo katikati ya miaka ya 90 wakiuza simu kwa matajiri, Vodacom wakaingia 2000, Celtel 2001, na wote kwa pamoja wakagundua kwamba hela haiko kwa bosi mwenye simu ya laki nane, iko kwa watu milioni wanaonunua vocha ya mia tano. Ukishagundua hivyo lazima tangazo lako limfuate huyo wa mia tano alipo.

Na walimfuata. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa kampuni kufika Kibaigwa, Bahi, Manyoni, Itigi, na kusema tunakutaka wewe. Wakapaka rangi nyumba za watu barabarani. Kuna nyumba kwenye njia kuu ya kwenda Morogoro zimewahi kuwa Celtel, zikawa Zain 2008, zikawa Airtel 2010, mwenye nyumba hajawahi kununua ndoo ya rangi maisha yake yote. Vodacom ikatoka bluu kwenda nyekundu 2011, Tigo ikageuka Yas 2024, kila mara mafundi wanarudi na brashi. Wakaleta malori ya promosheni yenye spika na wasanii wa Bongo Fleva, mtoto wa Kongwa akamwona staa kwa macho kwa gharama ya laini ya simu. M-Pesa ilipoingia 2008 wakala alipewa kibanda, mwavuli na fulana, yaani tangazo na duka vikawa kitu kimoja. Kelele zilikuwa nyingi, uongo wa bando nao haukukosa, lakini huyu mtu wa kanda ya kati ambaye mkoloni hakumwona na RTC hawakuhitaji kumbembeleza, hatimaye kuna mtu alikaa ofisini akafikiria anapenda nini, anacheka nini, anaogopa nini.

Wa pili waliomfikiria ni miradi ya afya ya wafadhili. Watu wanapenda kuidharau hii sehemu, mimi naona ndiyo shule bora ya matangazo ya Kiswahili tuliyowahi kuwa nayo. Kondomu za Salama miaka ya 90, Malaria Haikubaliki, na ile Fataki ya redioni mwishoni mwa miaka ya 2000 iliyomchora mzee anayewinda wanafunzi kwa chipsi na lifti mpaka neno likatoka redioni likaingia mtaani, leo mtoto wa Area C anakuambia yule ni fataki na hajui kama lilikuwa tangazo. Kwanini zile kazi zilikuwa nzuri? Siyo kwa sababu wafadhili ni watu wema kuliko wakurugenzi wetu. Ni kwa sababu mfadhili alidai aonyeshwe kama mlengwa amesikia na amebadilika, kwahiyo tangazo lilijaribiwa kwanza kijijini kabla halijarushwa, watu wakicheka mahali ambapo hapakutakiwa kuchekwa linarudi kuandikwa upya. Yule aliyelipa hakuwa anataka picha yake iwekwe, alitaka namba. Kilekile cha Mtu ni Afya.

Sasa turudi kwenye barabara ya Mtumba tuone inavyofanya kazi. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Kwa miezi hiyo mitatu waziri, katibu mkuu, mwenyekiti wa bodi, kamati ya Bunge inayosimamia taasisi yako, wote wako mji mmoja, wanalala mji mmoja, wanapita barabara moja. Kila wizara siku ya kuwasilisha bajeti yake inapanga mabanda ya maonesho kwenye viwanja vya Bunge, maonesho ambayo mkulima wa Chigongwe hawezi kuingia, yameandaliwa wabunge watoke ukumbini wapite wapewe kipeperushi na kofia. Afisa mawasiliano ana fungu ambalo asipolitumia mwakani linapunguzwa. Ukimuuliza bango liwekwe wapi, Chemba au kwenye mzunguko wa kuingilia mjini, atakuangalia kama umechanganyikiwa. Mtu asiyeamini nampa kazi ndogo, apite hiyo barabara Mei alafu apite tena Agosti wabunge wakiwa majimboni kwao, asome yaliyobadilika na yaliyobaki kupauka juani.

Kuna hoja nzito dhidi yangu na sitaki kuikwepa. Wanasema watumishi waliohamia huku wana mishahara, wanajenga Ilazo, Iyumbu, Nala, wanakopa, wanasomesha watoto, na mabango ya mabenki ya mikopo ya watumishi yanauza kitu halisi kwa mtu halisi. Ni kweli. Ongeza na treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma 2024, na Chuo Kikuu cha Dodoma toka 2007 na maelfu ya vijana wake, na tarakimu za sensa ya 2022 zinazoonyesha mkoa una watu 3,085,625. Benki ikiweka bango la mkopo pale Kisasa inajua inachofanya, na nyumba, viwanja, saruji na bati navyo vinatangazwa kwa sababu vinanunuliwa. Kwahiyo sisemi hakuna soko Dodoma. Nasema hata hilo soko halisi ni soko la mshahara wa serikali, mteja wake ni mtu yuleyule anayepita kwenda Mtumba, na ukichukua yanayomtazama mtumishi ukajumlisha na yanayomtazama bosi wa mtumishi, yanayobaki kwa wengine ni machache mno. Jiji la biashara halipimwi hivyo.

Hoja ya pili ni kwamba serikali ina wajibu wa kuwaeleza wananchi inafanya nini na hela yao. Hii naikubali kwa moyo wote na ndiyo inayonifanya nikasirike zaidi. Chukua Bima ya Afya kwa Wote, sheria yake imepitishwa 2023, na hakuna jambo ambalo mtu wa kijijini Kondoa anahitaji kuelezwa taratibu kwa lugha yake kuliko hilo, atachangia shilingi ngapi, familia inahesabiwaje, mke wa pili anaingia au haingii, akienda hospitali ya wilaya anaanzia dirisha gani. Hiyo ni kazi ya redio, ya mkutano wa kijiji, ya kikundi kinachosikiliza na kuuliza. Tuliiweza 1973 tukiwa na hela kidogo na lami kidogo. Bango lenye picha tatu za viongozi na sentensi moja ya kauli mbiu halimjibu huyu mtu wa kijijini chochote, na aliyeliweka wala hakutegemea ajibiwe.

Ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayosemwa sana, tena na watu wa mipango ya matangazo kule Dar. Kwamba kanda ya kati ni kavu, watu wana njaa, hawana hela, kwahiyo kampuni kuwaruka ni busara ya kibiashara. Hawa wangekaa siku moja soko la mahindi Kibaigwa msimu wa mavuno waone malori kutoka mikoa na nchi jirani, wahesabu mabunda yanayobadilishana mikono chini ya mwembe kabla ya saa nne asubuhi. Waende Singida wakati wa alizeti, waone viwanda vidogo vya kukamua mafuta vinavyolaza watu hapohapo. Zabibu za huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Hela ya mtu wa huku inakuja kwa msimu na inakaa kwa vipande vidogo, hiyo ni tofauti na kutokuwepo. Watu wa simu walishaithibitisha miaka ishirini iliyopita kwa vocha ya mia tano, watu wa sabuni ya unga na wa kahawa wanaithibitisha kila siku kwa vipakiti vya bei ya jero kushuka chini. Mtu anayesema hakuna soko ina maana hajawahi kupanga biashara yake kwa kufuata mavuno, amezoea kupanga kwa kufuata tarehe ya mshahara.

Tena matangazo yenyewe ya soko hili yapo, yanapigwa kila siku, ila hayana bango kwahiyo hayaonekani kwenye picha za mtandaoni. Nenda Majengo asubuhi, au pale Soko la Ndugai, au Machinga Complex. Kila meza ina kipaza kidogo cha betri chenye sauti iliyorekodiwa inarudia rudia, dawa ya mende dawa ya kunguni dawa ya panya, viatu buku tano buku tano, na hizo sauti zina mafundi wake, kuna vijana kazi yao ni kurekodi na wanalipwa kwa tangazo. Mama anayeuza vitenge ana stetasi za WhatsApp ishirini kabla hajanywa chai, anajua saa ngapi wateja wake wanafungua simu, anajua akiweka bei wanauliza na asipoweka bei wanapita. Kijana wa chipsi ana ukurasa wa TikTok na akipata hela anabusti, anailipa kampuni ya nje ya nchi kwa kadi ya kuazima ili tangazo lake limfikie mtu wa Nkuhungu aliye kilomita tatu kutoka kwake. Ukiniuliza kiwanda cha matangazo cha Dodoma kiko wapi nitakuonyesha hapo. Na angalia anavyotozwa, mwenye duka amelalamika miaka na miaka kulipia kibao chenye jina la duka lake mwenyewe juu ya mlango wake mwenyewe, wengine wakaamua kufuta maandishi wabaki na ukuta mtupu.

Mvinyo ndiyo mfano unaoniuma. Tuna mashamba ya Hombolo, Mpunguzi, Makutupora, tuna viwanda vya hapa hapa, ni bidhaa ambayo hakuna mkoa mwingine Tanzania unaweza kujitapa nayo kama sisi, na wakulima kila baada ya msimu wanalia mchuzi wa zabibu hauna mnunuzi. Mbunge anakaa huku miezi mitatu, mgeni wa mikutano ya kitaifa analala huku, abiria wa treni anashuka huku, ila kuona bango la chupa ya Dodoma kwenye hiyo njia ya wakubwa ni bahati. Mvinyo hauna waziri wa kumpendeza, una mnywaji, na nafasi za barabarani zinapangishwa kwa bei ambayo taasisi yenye fungu la serikali hailalamikii maana siyo hela ya mtu. Mwenye kiwanda kidogo akiuliza bei anashukuru anaondoka. Hapo ndipo bango la pongezi linapogeuka kuwa gharama kwa wengine, linapandisha bei ya ukuta.

Kwenye vyombo vya habari hali ni nzito zaidi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari kazi ya kuratibu matangazo ya serikali yote, na kwa nchi ambayo magazeti mengi yanaishi kwa tenda na taarifa kwa umma za serikali, hiyo ilikuwa sawa na kumkabidhi mtu mmoja bomba la hewa. Marekebisho ya 2023 yakakiondoa hicho kifungu, ni hatua na waliopigania wanastahili shukrani. Mwaka huohuo ikaundwa kamati chini ya mwanahabari mkongwe Tido Mhando kuangalia hali ya uchumi wa vyombo vya habari, na madeni ya matangazo ambayo taasisi za umma zinadaiwa ni moja ya vidonda vilivyozungumzwa wazi. Lakini kuondoa kifungu hakumwondoi mlipaji. Mapema 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na kufikia Julai USAID ikafungwa, na pamoja nayo ikaenda sehemu kubwa ya zile hela za kampeni za afya zilizokuwa zinalipia vipindi na matangazo ya redioni. Kampuni za simu nazo hazipaki tena nyumba kama zamani, fungu lao kubwa limehamia mitandaoni na kwa mastaa. Kwahiyo kwa redio ya mkoa kama hizi za kwetu, wale watu wawili waliokuwa wanalipa ili msikilizaji afikiwe wamepungua kwa wakati mmoja, na anayebaki mezani ni yule wa tatu, anayelipa ili mkubwa aone.

Matokeo yake unayasikia hewani. Kipindi cha asubuhi kilichokuwa kinauliza kwanini zahanati haina dawa sasa kinadhaminiwa na ofisi inayohusika na zahanati, na mtangazaji anasoma mafanikio kwa dakika kumi na tano, alafu muziki. Hajakatazwa na mtu, hakuna barua, hakuna simu ya vitisho, meneja wa mauzo kasema tu kwa upole kwamba hawa ndio waliolipa mwezi huu. Na msikilizaji wa Bahi si mjinga, akisikia hivyo anahamia kwa kijana wa TikTok anayeropoka bila kuthibitisha kitu. Redio inapoteza msikilizaji, na ikimpoteza haina cha kumuuzia mwenye kiwanda cha alizeti au mwenye duka la pembejeo siku akija kutafuta pa kutangaza, kwahiyo inazidi kuitegemea ile ofisi. Ofisi zenyewe zingeweza kuukata huu mzunguko bila kutunga sheria yoyote mpya, zilipe madeni yao kwa wakati na kila mwisho wa mwaka wa fedha ziulizwe na Mkaguzi wa hesabu za serikali, mbali na shilingi ngapi zilitumika kutangaza, ni wananchi wangapi walifanya kitu fulani baada ya kusikia. Maafisa mawasiliano wenye uwezo wa kujibu hilo swali wapo, nawafahamu baadhi, wamesoma na wanajua kazi. Ila mpaka sasa hakuna anayewauliza, wanachoulizwa ni kwanini picha ya bosi imewekwa ndogo.